Kabla Hamjabomoa, Pandeni Darini

Mimi ni fundi mwashi, na kwa fundi mwashi sidhani kama kuna mahali pazuri pa kuishi nchi hii kuliko Mtumba, mji wa serikali hapa Dodoma. Tangu serikali ihamie huku, zege halijakauka. Mwaka 2019 wizara zilianza na ofisi ndogo ndogo za chini. Leo ni maghorofa ya vioo, barabara za lami zenye taa, na bustani zinazomwagiliwa katika nchi ambayo mvua ya mwaka mzima mara nyingi haifiki milimita 600. Ukisogea kidogo mashariki unafika Chamwino, kijiji cha ujamaa ambacho Mwalimu Nyerere alikwenda mwenyewe kufyatua tofali mwanzoni mwa miaka ya 1970, na sasa kina Ikulu iliyofunguliwa Mei 20, 2023, yenye sura ileile ya Ikulu ya Magogoni. Nimesomesha watoto kwa ujenzi huu. Kwa hiyo asije mtu akasema naongea kwa sababu nachukia maendeleo.

Ninachosema ni kwamba wakati mji mpya unapanda, majengo ya zamani ya vijiji vinavyouzunguka yanakwisha. Na hayamalizwi na umaskini. Umaskini uliyatunza miaka mia. Yanamalizwa na hela.

Nieleze maana yake. Kuna kijiji kimoja kusini mwa jiji, sitakitaja, ambako kamati ya ujenzi ya kanisa iliniita nikawapigie hesabu za kubomoa. Kanisa lenyewe lilijengwa enzi za mababu zao: tofali za kuchoma zilizounganishwa kwa udongo, ukuta mnene wa futi moja na nusu, madirisha membamba marefu, bati juu. Mwenyekiti wa kamati akanionyesha ufa kwenye pembe ya madhabahu, mpana wa kuingia kidole. Akanionyesha lipu iliyobanduka chini, kimo cha magoti, na chumvi nyeupe imetokeza ukutani. “Fundi, umeona mwenyewe. Linatutia aibu. Wageni wa jimbo wakija tunawaweka wapi?”

Nikaomba ngazi. Wakashangaa, kwa sababu ufa uko chini na mimi nataka kwenda juu. Lakini jengo la zamani halisomwi kwa kutazama ukuta, linasomwa kuanzia kwenye paa lake. Nikafungua ubao mmoja wa dari nikaingia.

Kule darini nilikuta kenchi za mninga. Mbao nene, zimepasuliwa kwa msumeno wa mkono; alama za meno ya msumeno zilikuwa bado zinaonekana, zimekwenda mshazari kidogo kama zinavyokwenda watu wawili wanapovuta, mmoja juu ya shimo na mwenzake chini. Hakuna mchwa. Hakuna kuoza. Maungio yake yalikuwa yamechongwa kwa ulimi, kisha yakapigiwa vigingi vya mti. Siku hizi tunaweka misumari ya inchi nne na kumwomba Mungu. Nilipomulika tochi kwenye ile pembe yenye ufa, jambo likawa wazi. Bati mbili zilikuwa zimehama, maji ya mvua yanadondokea juu ya ukuta palepale, mwaka baada ya mwaka, yanashuka ndani ya udongo hadi kwenye msingi. Halafu miaka ya karibuni msamaria mmoja alikuwa amechanga saruji, wakapiga lipu ya saruji ukuta mzima wa nje. Hapo ndipo walipomaliza kazi. Ukuta wa tofali na udongo unavuta maji kutoka chini na kuyatoa kwa jua. Ukiuvalisha saruji, maji yanafungiwa ndani, yanayeyusha chumvi ya udongo wa kwetu huku Dodoma, na lipu inabanduka pamoja na uso wa tofali.

Nikashuka nikawaambia: bati kumi, mfereji wa maji ya mvua upande mmoja, bandueni saruji yote, pigeni lipu ya chokaa na mchanga, zibeni ufa. Gharama yake haifiki ya kuchimba msingi wa kanisa jipya. Mama mmoja mzee, amejifunga kitenge cha umoja wa akina mama, akauliza, “Kwa hiyo baba, unasema halifi?” Nikamjibu, “Lina mafua, mama. Mmelipangia mazishi.”

Wakacheka. Na wakabomoa. Michango ilikuwa imeshaanza kuingia, na mtoto wa kijiji aliyefanikiwa mjini alikuwa ameahidi bati za rangi. Huwezi kwenda kwa mtu wa namna hiyo ukamwambia tunaomba chokaa. Mfadhili anataka jiwe la msingi lenye jina lake. Zile kenchi za mninga zikauzwa, na ninavyosikia zimekuwa makochi. Jipya limefika kwenye lenta, wanasali chini ya turubai.

Jambo la namna hii huliiti ajali. Linatokea Ugogo nzima, nchi yetu Wagogo, na kwa Wakatoliki, Waanglikana na wengine bila ubaguzi. Nami nadai kwamba serikali iliyohamia kwetu ina wajibu nalo, kwa sababu sheria iliyopo imetuacha nje.

Sheria yetu ya Mambo ya Kale ni ya mwaka 1964, ikafanyiwa marekebisho 1979. Inasema jengo lililojengwa kabla ya mwaka 1886 linalindwa lenyewe, bila mtu kuandika barua. Lililojengwa baada ya hapo linalindwa pale tu waziri anapolitangaza. Mwaka huo unawafaa wenzetu wa Kilwa na Bagamoyo, ambako mawe yamesimama tangu kabla Mjerumani hajaiona Afrika. Huku kwetu bara unaacha karibu kila kitu nje.

Tazama Mpwapwa. Wamisionari wa CMS, wale Waanglikana wa Kiingereza, walifika pale mwaka 1876 wakiwa njiani kwenda Uganda, na baada ya miaka miwili wakaweka kituo cha kudumu. Ni miongoni mwa vituo vya kwanza kabisa vya Kikristo katika bara ya Tanzania. Ungetarajia sheria iwakumbatie. Lakini mwaka 1889 vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani vilipanda kutoka Pwani hadi Mpwapwa, ngome ya Wajerumani ikashambuliwa na kituo cha wamisionari kikaharibiwa. Kilichojengwa upya baada ya hapo kimechelewa mstari wa sheria kwa miaka michache tu. Abushiri, Mungu amrehemu, alikuwa anapigana na mkoloni; hakujua anawanyima watu wa Mpwapwa ulinzi wa Idara ya Mambo ya Kale.

Vingine ndiyo kabisa. Mvumi na Buigiri ni vya mwanzoni mwa karne ya ishirini. Kongwa kulikuwa na chuo cha kuandaa watumishi wa kanisa kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Wakatoliki walikuwa wameshaingia Kondoa na Bihawana kabla ya vita hivyo pia, reli ya kati ilipokuwa ndiyo kwanza imefika Dodoma mwaka 1910. Kilimatinde, juu ya ukingo wa bonde la ufa, Wajerumani waliweka boma la kijeshi kabla treni haijapita Manyoni. Dayosisi ya Central Tanganyika ilipoanzishwa mwaka 1927 na askofu wake wa kwanza, George Chambers, akaja kutoka Australia, alikuta makanisa ya vijijini yakiwa na waumini, na baadhi yakiwa na paa bora kuliko ofisi ya mkuu wa wilaya. Hivi vyote, kwa sheria, ni majengo ya juzi.

Na bado sijagusa makao ya watemi.

Kila mtoto wa Dodoma amesikia jina la Mtemi Mazengo wa Mvumi. Shule kubwa ya sekondari ya Dodoma mjini ilibeba jina lake, na majengo yake sasa ndiyo Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana, kilichoanza mwaka 2007. Jina lilipewa heshima. Makao hayakupewa kitu. Utemi ulifutwa kisheria mwaka 1963, miaka miwili baada ya uhuru, na kwa siasa ya wakati ule ilieleweka: hatukutaka taifa la wafalme wadogo. Lakini ulipofutwa utemi, nyumba za watemi zilibaki bila mwenyewe. Mabaraza yao mengi yakageuzwa mahakama za mwanzo au ofisi, na hayo yamepona hivyo hivyo, kwa sababu karani akivujiwa analalamika. Nyumba za kuishi, hasa zilizokuwa tembe, zilirudi ardhini. Mathias Mnyampala, yule mshairi mkubwa, mzaliwa wa Ihumwa hapa jirani yangu, aliandika kitabu cha historia, mila na desturi za Wagogo kilichotoka mwaka 1954. Leo ukitaka kujua watemi wetu walikuwa akina nani, kitabu utakipata. Ukitaka kuona walilala wapi, utaonyeshwa mbuyu.

Tembe ndiyo jengo la Ugogo, na ndiyo ninayoona imeonewa kuliko zote. Bibi yangu alikuwa nayo Ihumwa, nikailala utotoni. Nguzo za miti migumu zimechimbiwa, fito zimefungwa kwa kamba za magome, udongo umekandikwa pande zote mbili. Juu kuna mihimili minene, juu ya mihimili fito, juu ya fito majani, juu ya majani udongo uliopondwa ukalala karibu tambarare, na mteremko kidogo wa kukimbiza maji. Urefu wake unazunguka zizi la ng'ombe pande zote, ili adui na simba wakute ukuta. Juu ya paa bibi alianika uwele na mlenda, na sisi watoto tulifukuzwa tusipande kwa sababu tungetoboa. Mwezi wa kumi na moja, kabla ya mvua, watu wazima walipanda kwa mpango, wanaongeza udongo, wanakanyaga, wanaziba nyufa, na akina mama wanapitisha maji kwa vibuyu. Kazi ya siku mbili na pombe ya jioni. Ndani hakuna joto mchana wala baridi usiku. Mhandisi wa leo anatafuta hali hiyo kwa kiyoyozi.

Operesheni Dodoma mwanzoni mwa miaka ya 1970 iliwahamisha watu vijijini, ikafuata kampeni ya nyumba bora, na tembe ikahesabiwa kuwa uchafu. Baadhi ya zile hoja zilikuwa za kweli: moshi ulikuwa mwingi, kupe wa papasi walikuwepo, ng'ombe walilala jirani mno. Sipendi watu wanaozisifia tembe huku wakilala kwenye marumaru. Lakini kutoka kuzikosoa hadi kuzifuta zote bila kubakiza hata moja ya maana kwa ajili ya watoto wetu, hapo palikuwa na safari tuliyoikatisha.

Kinachoniudhi ni tembe iliyopona. Nenda Kwihara, nje kidogo ya Tabora, utakuta tembe inayotunzwa, ina kibao na mlinzi na kitabu cha wageni. Kwa nini ile? Kwa sababu David Livingstone alikaa pale mwaka 1872 baada ya kuagana na Stanley. Tembe tulijua kuitunza, basi, kumbe ilihitajika tu alale Mzungu.

Mwaka jana nilipata mgeni aliyenifanya nilitazame jambo hili kwa upana zaidi. Alikuwa kijana kutoka Poland, amepanga nyumba ya wageni jirani na kwangu, amekuja Mtumba kufuatilia karatasi fulani kabla ya kupanda treni ya SGR kurudi Dar es Salaam. Alikuwa ametokea Tengeru na Kondoa. Nilipouliza Kondoa alifuata michoro ya mapangoni ya Kolo, akasema hapana, alifuata nyayo za bibi yake.

Wengi wetu hatuijui habari hii ingawa imo mkoani mwetu. Mwaka 1940 serikali ya Kisovieti iliwang'oa mamia ya maelfu ya Wapoland kutoka mashariki ya nchi yao, wengi wao watu wa vijijini, ikawapeleka Siberia na Kazakhstan. Walipoachiwa mwaka uliofuata, sehemu yao walishuka hadi Iran, na kuanzia 1942 Waingereza wakawapakia wanawake, watoto na wazee melini kuja Afrika Mashariki na kusini mwa Afrika. Tengeru, karibu na Arusha, ilipokea kama 5,000, na makaburi yao yapatayo 150 yako pale hadi leo. Kambi nyingine zilikuwa Ifunda, Kidugala, Morogoro, na ndogo moja Kondoa. Uganda walipelekwa Koja na Masindi. Kule Masindi, mahali paitwapo Nyabyeya, walijenga kanisa la matofali katikati ya miaka ya vita, wakaliweka chini ya Bikira Maria Malkia wa Poland. Wapoland walikwishaondoka zamani. Kanisa bado linasaliwa, na wanaolisalia ni Waganda wa pale kijijini.

Kijana yule alinionyesha picha kwenye simu. Bibi yake alikuwa miongoni mwa wachache waliorudi Poland, lakini kijiji alichozaliwa kilikuwa kimeshaachwa ng'ambo ya mpaka mpya, kwa hiyo familia ikapewa makazi magharibi, Dolny Śląsk, mahali walipofukuzwa Wajerumani. Katika kijiji hicho kuna jumba la kifahari la bwana mmoja wa Kijerumani wa zamani, na ng'ambo ya barabara kuna kanisa. Umri wao unakaribiana. Jumba, katika picha, limebaki kuta. Mti mrefu wenye gome jeupe umeota katika ukumbi wa ghorofani na kutokeza juu, pale ambapo paa lilikuwa. Kanisa paa lake ni jipya, kengele inalia, mlangoni kuna baiskeli.

Nilimuuliza jumba lilipigwa bomu? Akasema hapana, vita vilipita havikuligusa. Serikali ya kikomunisti ililichukua, kama ilivyochukua majumba ya mabwana wote. Amri ya mageuzi ya ardhi ilitoka Septemba 1944. Likawa ofisi ya shamba la serikali, kisha ghala la viazi, kisha la mbolea. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mashamba ya serikali yakavunjwa, funguo zikakosa mtu wa kuzipokea. Msimu mmoja vigae vikaibwa. Baada ya hapo theluji ilimaliza.

Nilikaa na picha hiyo muda. Kazi yangu imenifundisha kuangalia nani anaona paa likivuja. Kanisani kuna watu mia wanaokaa chini ya paa kila Jumapili, na tone likimdondokea mzee wa kanisa kichwani, Jumapili inayofuata kuna mtu juu. Kwenye jumba, tangu mwenyewe aondoke, hakuna aliyedondokewa. Poland hiyohiyo ina makanisa ya mbao, mbao tupu, vijijini kule kusini, Dębno na Haczów na mengine, yaliyosimama tangu karne ya kumi na tano. Mwaka 2003 sita kati yao yakaingizwa katika Urithi wa Dunia. Paa zao ni vipande vya mbao vilivyopangwa kama magamba ya samaki, vinaoza, na kila kizazi kinavibadilisha. Mbao imedumu karne tano kwa sababu watu hawakuacha kupanda. Kwa hiyo mtu asiniambie udongo wetu hauwezi.

Hata kuandikwa kwenye orodha hakutoshi bila mtu wa kupanda. Beit al-Ajaib ya Zanzibar ilijengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, ipo ndani ya Mji Mkongwe ambao ni Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, inajulikana duniani kote, na Desemba 25, 2020 sehemu yake kubwa ilianguka ikiwa kwenye ukarabati, ikaua watu. Na kinyume chake, makaburi ya kabaka pale Kasubi, Kampala, yaliungua Machi 2010, nyasi tupu zikawa majivu usiku mmoja, lakini yakajengwa tena, kwa sababu kuezeka nyasi za Kasubi ni jukumu la ukoo wa Ngeye kwa mila, na ukoo haukuwa umeungua.

Najua mtakachojibu. Diwani mmoja alinijibu hivyo mbele ya watu, kwenye chai ya msiba: “Makanisa ya wakoloni na maboma ya Wajerumani yametufanyia nini hata tuyahurumie? Mzungu aliyajenga kwa viboko.” Sikumbishia viboko. Lakini nilimuuliza tofali zile alizibeba nani. Mmisionari aliyekuja na sanduku la vitabu na dawa ya malaria hakufyatua tofali laki moja peke yake. Udongo ulikandwa na Wagogo, kuni za tanuri zilikatwa na Wagogo, maji yalibebwa na akina mama kutoka visima vya mtoni wakati wa kiangazi. Mninga ule wa kenchi ulivutwa kwa msumeno na watu wawili ambao majina yao hayakuandikwa kwenye jiwe lolote. Ukilibomoa jengo, aliyeandikwa ni mmisionari, yeye yumo kwenye vitabu vya London, hapotei. Anayepotea ni yule wa juu ya shimo na yule wa chini.

Na kama mtu bado anaona kanisa ni la mgeni, aende Bujora, Kisesa, karibu na Mwanza. Padre David Clement, mmisionari wa Kanada, aliwaacha Wasukuma wajenge kanisa la duara kwa umbo la nyumba zao, na palepale kukawekwa makumbusho ya watemi wa Usukuma, ngoma zao na viti vyao. Mtemi na kanisa chini ya uangalizi mmoja, kijijini, na watalii wanalipa kiingilio. Ugogo hatuna kitu kama hicho, ingawa sisi ndio makao makuu ya nchi.

Sasa niseme ninachotaka, maana msomaji wa gazeti hana muda.

Kwanza, waziri mwenye dhamana ya mambo ya kale atumie mamlaka ambayo sheria imempa tayari. Hakuna haja ya bunge wala mradi wa wafadhili. Atangaze kwenye Gazeti la Serikali majengo ya Mpwapwa, Mvumi, Buigiri, Kongwa, Bihawana, Kondoa na Kilimatinde yatakayoonekana yanastahili, pamoja na makao ya watemi yaliyobaki hata kama ni msingi na kaburi. Atume watu wake waende na wazee wa vijiji, siyo na picha za satelaiti.

Lakini akishayatangaza asiyafunge. Hilo ndilo ninaloliogopa zaidi ya kubomolewa. Mlango ukipigwa kufuli na kibao cha serikali, kanisa litageuka lile jumba la Dolny Śląsk: halina wa kudondokewa. Waumini waendelee kusali, watoto wa chekechea wasome, kwaya ifanyie mazoezi. Serikali iingie kwenye paa tu. Kila mwaka kabla ya mwezi wa kumi na mbili zitoke fedha ndogo, ziende moja kwa moja kwa kamati ya kijiji, za bati, mfereji, chokaa na posho ya fundi. Zisipitie zabuni. Kazi ya bati kumi ikipitia zabuni inakuwa semina.

Pia jiji letu linatoa vibali vya ujenzi, na linajua kuvikatalia. Liweke sharti moja dogo: jengo la umma au la ibada lenye zaidi ya miaka hamsini lisibomolewe hadi mtu mwenye ujuzi apande darini na kuandika alichokiona, na maelezo hayo yasomwe kwenye mkutano mbele ya wote, akiwemo mama wa kitenge. Waumini wakishasikia kwamba kenchi ni nzima na ugonjwa ni bati mbili, wakabomoa bado, basi ni yao. Wengi hawatabomoa. Watajenga jipya pembeni, maana viwanja vya misheni huku kwetu ni vikubwa, na la zamani litapata kazi.

VETA nao wafundishe chokaa. Nawachukua vijana wenye vyeti, wanaweza kuunga nondo ukiwa umelala, lakini ukiwapa chokaa wanaichanganya kama saruji na kuipiga jua kali saa saba mchana, ikapasuka kabla hawajashuka jukwaani. Chokaa huloweshwa siku nyingi, hupigwa nyembamba mara tatu, hufunikwa magunia mabichi. Mafundi wanaojua hivyo huku Dodoma wamebaki wazee, na mmoja wao anayenisaidia haoni vizuri, anaipima kwa kuibinya vidoleni.

La mwisho ni hapa hapa Mtumba. Kati ya wizara hizi zote kuna maeneo ya wazi ambayo michoro inayaita bustani. Naomba kipande kimoja. Tuwaite wazee wa Ihumwa, Mvumi na Chamwino wakiwa bado na nguvu za kuelekeza, tujenge tembe moja kamili, inayozunguka zizi, na kila Novemba wanafunzi wapande kuongeza udongo kwa utaratibu uleule wa bibi yangu. Mabalozi na mawaziri wanaopita wataiona bila kuhitaji kibao cha Livingstone. Gharama yake naijua, nimeshaipigia hesabu nyuma ya daftari la kazi: haifiki bei ya mlango wa vioo unaojifungua wenyewe.

Ofisi ya waziri mwenye jambo hili iko humu humu Mtumba, Buigiri haizidi nusu saa kwa gari, na mvua bado. Yeye aje na kalamu. Ngazi nitakuja nayo mimi.